Mashine Ikishapiga Hesabu, Kazi Yako Inabaki Ipi? Mwongozo Kamili wa Kuamua Jambo kwa Msaada wa Akili Unde

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina watu 25. Tulikuwa tumefikisha shilingi milioni 9 na wazo lilikuwa moja: tununue mashine ya kusaga mahindi. Kijana mmoja alifungua simu palepale kikaoni, akaiuliza programu ya akili unde (wengine huiita akili mnemba) kama biashara hiyo inalipa. Jibu lilifika kabla chai haijamiminwa. Mashine ingerudisha pesa yake chini ya miezi minane. Lilikuwa na jedwali, Kiswahili chake kilinyooka, na watu walipiga makofi.

Mimi ndiye katibu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye muhtasari kwamba kikundi kimeridhia, pale mama mmoja mtu mzima alipomgeukia yule kijana: "Mwanangu, hiyo simu imekwambia huyu mwenye mashine ya pale mnadani anawakopesha watu mpaka lini?"

Kikao kizima kilinyamaza. Simu haikujua, na sisi tuliojua hatukuwa tumekumbuka kwamba jambo hilo lina uzito.

Mwongozo huu umetokana na swali lile. Nimeuandika kwa ajili ya yeyote anayeamua jambo lenye pesa, ardhi, ajira au afya ya watu ndani yake, na ambaye mkononi ana simu iliyo tayari kumpa jibu. Simzuii mtu kuitumia. Mimi mwenyewe naitumia karibu kila siku. Ninachotaka ni kwamba ukishaitumia, uamuzi ubaki wako kweli.

Jua kwanza unazungumza na nini

Programu hizi za mazungumzo zimesomeshwa maandishi mengi mno, zikajifunza kukisia kipande cha neno kinachofuata. Kazi hiyo zinaifanya kwa ustadi mkubwa, na ndani yake kuna maarifa mengi ya kweli. Lakini chimbuko lake ni maandishi. Jambo lisiloandikwa popote halimo: nani anamdai nani kijijini, korongo gani linakata barabara wakati wa masika, kwa nini mashine iliyokuwapo zamani ilifungwa. Isitoshe, maandishi ya Kiswahili kwenye intaneti ni machache ukilinganisha na ya Kiingereza. Ukiuliza habari za kata yako, utajibiwa kwa kukisia kutokana na mahali pengine. Na mara nyingi haitakuambia kwamba hapa haina habari. Pengo litazibwa kwa kitu kinachofanana na jibu.

Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu, ni kiumbe tofauti kabisa. Yenyewe haikisii. Inafanya ulichoiagiza, pamoja na kosa lako, na kosa hilo inalirudia kwenye safu elfu moja bila kuchoka. Usiwe na hofu ya aina moja kwa vitu viwili. Akili unde iogope kwa inachokijaza bila kuulizwa, na Excel iogope kwa ulichokisahau wewe.

Kuna jambo la tatu nalo limo ndani yetu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha habari za programu yake iitwayo ELIZA, ambayo ilikuwa ikigeuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Haikuelewa lolote. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi kadhaa, alipoanza kuongea nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani awaache peke yao. Tukijibiwa kwa lugha laini tunahisi tumeeleweka. Programu za leo zina lugha laini kuliko ile mara nyingi, kwa hiyo mtego nao umekua.

Hatua ya 1: Andika jibu lako kabla ya kufungua simu

Chukua karatasi. Andika swali kwa sentensi moja, andika unaloliegemea kwa sasa, andika sababu tatu, kisha andika kitu kimoja ambacho kikionekana ni kweli utabadili msimamo. Dakika kumi zinatosha.

Nasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote kwa sababu haiwezi kufanyika baadaye. Ukishasoma jibu la mashine, hutajua tena wewe ulikuwa unafikiri nini. Wazo lake linakalia nafasi ya wazo lako, na utaapa kwamba ndivyo ulivyokuwa ukiwaza tangu mwanzo. Kwenye kikundi, kila mtu aandike karatasi yake kimya na zikusanywe kabla mtu hajasema neno. Tulipofanya hivyo kwenye kikao cha pili, karatasi saba kati ya 25 zilitaja mikopo ya yule mwenye mashine. Kikao cha kwanza watu hao saba walipiga makofi kama wengine.

Hatua ya 2: Pasua swali

"Tununue mashine?" linaonekana swali moja, lakini ndani yake kuna maswali ya aina nne, na kila aina ina mwenyewe.

Lipo la hesabu: shilingi ngapi zikiingia na ngapi zikitoka, mtaji utarudi lini? Hilo mpe Excel au kikokotoo. Lipo la maarifa ya jumla: mashine ya namna hiyo inahitaji umeme wa njia moja au njia tatu, nyundo zake hubadilishwa vipi? Hilo akili unde inaweza kukusaidia, halafu ukathibitishe kwa fundi. Lipo la mahali penu: watu wangapi husaga kwa siku, nani hulipa taslimu, transfoma iko umbali gani? Hilo jibu lake lipo nje, barabarani, na huna budi kulifuata kwa miguu.

La nne ndilo linalopotea. Tunataka nini? Faida ya haraka, au akina mama wasitembee kilomita sita na ndoo ya mahindi kichwani? Hapo hakuna cha kukokotoa. Ukiiuliza mashine itakupa orodha nzuri ya mambo ya kuzingatia, na kikao kitaichukulia orodha hiyo kama mapatano, ilhali hakuna waliopatana. Swali hili lijadiliwe na watakaoishi na matokeo yake, simu zikiwa mfukoni.

Hatua ya 3: Ilazimishe ikuonyeshe ilichokadiria

Usiulize "je, inalipa?" Uliza hivi: "Nipe hesabu hatua kwa hatua. Kila namba ambayo mimi sikukupa, iandike peke yake na useme umeipata wapi au kama umekisia." Kisha iulize: "Namba ipi kati ya hizi ikibadilika itaharibu jibu lote?"

Tulipofanya hivyo, jibu la miezi minane lilifunguka kama ifuatavyo. Debe 60 kwa siku, kwa shilingi 1,500 kila debe, siku 26 za kazi, zinaleta shilingi 2,340,000 kwa mwezi. Gharama: umeme 600,000, msagaji 300,000, matengenezo 150,000, pango 100,000, jumla 1,150,000. Inabaki faida ya 1,190,000. Gawanya milioni 9 kwa hiyo, unapata miezi saba na nusu hivi.

Pitia hesabu hiyo kwa kalamu. Haina kosa hata moja, na hapo ndipo watu wengi hukomea, wakaona hesabu ikikubali basi jibu limekubali. Lakini bei ya 1,500 tuliitaja sisi. Zile debe 60 hakuna aliyezitaja. Programu ilizileta yenyewe, na faida yote imesimama juu yake.

Hatua ya 4: Toka ukahesabu

Mimi na mweka hazina tulikaa kwenye benchi la mashine iliyopo kwa siku tatu, na mwenyewe tulimweleza tunachofanya. Siku ya mnada zilisagwa debe 58. Siku mbili za kawaida zilisagwa 21 na 23. Wiki ya kazi ni siku sita, mnada mmoja na siku tano za kawaida, kwa hiyo ni kama debe 168, wastani wa 28 kwa siku.

Weka 28 badala ya 60. Mapato yanashuka hadi 1,092,000. Umeme nao unapungua hadi kama 280,000, lakini msagaji, matengenezo na pango havipungui, hivyo gharama ni 830,000. Faida inabaki 262,000, na mtaji unarudi baada ya zaidi ya miezi 34. Karibu miaka mitatu.

Bado hatujafika. Hizo 28 ndizo debe zote za pale. Tukifungua ya pili tungegawana. Tukipata nusu, debe 14, mapato ni 546,000 na gharama 690,000, hasara ya 144,000 kila mwezi. Fomula ni ileile iliyosifiwa kikaoni. Kilichobadilika ni namba moja, na namba hiyo ilikuwa inapatikana bure kwenye benchi.

Halafu tukaona daftari. Ni daftari la shule lililoning'inizwa kwa kamba pembeni ya swichi, limejaa majina na vijistari. Kati ya debe 44 za siku zile mbili za kawaida, 17 ziliandikwa humo. Wengine hulipa baada ya mavuno, wengine huacha vibaba vya mahindi badala ya pesa. Hicho ndicho alichokuwa anauliza yule mama. Mashine mpya isiyokopesha isingepata wateja hao, na inayokopesha ingekwama kununua umeme wa Luku.

Kwa hiyo kanuni ya hatua hii ni hii: ile namba iliyotajwa kwamba ikibadilika itaharibu jibu, usiikubali kwa mdomo wa mtu wala wa mashine. Ifuate mwenyewe. Nyingine zote unaweza kuzikadiria.

Hatua ya 5: Thibitisha nje ya mashine

Sheria, kipimo cha dawa, tarehe ya mwisho ya maombi, jina la fomu: kila kitu cha namna hiyo kitafute kwenye chanzo chake. Kuiuliza programu "una uhakika?" hakuthibitishi kitu.

Mfano unaojulikana sana ni wa New York, Marekani. Wakili mmoja aliyekuwa na kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca alitumia ChatGPT, mojawapo ya programu hizi za mazungumzo, kutafuta hukumu za zamani, akapewa majina ya kesi, mahakama na nukuu. Alipoingiwa na shaka aliiuliza kama mojawapo ya kesi hizo ni ya kweli. Ikamjibu kwamba ni ya kweli na kwamba inapatikana kwenye hifadhi za kisheria. Kesi hizo hazikuwahi kuwapo. Juni 2023, Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Wakili yule aliuliza, na kuuliza ni jambo jema. Tatizo ni kwamba shahidi aliyeulizwa ni yuleyule aliyetoa habari.

Hatua ya 6: Geuza swali

Programu hizi zina mwelekeo wa kukubaliana na anayeuliza. Uliza "kwa nini mashine ya kusaga ni biashara nzuri" utapata sababu kumi. Fungua mazungumzo mapya kabisa, uliza "kwa nini vikundi hupata hasara kwenye mashine za kusaga", utapata kumi nyingine kwa sauti ileile ya uhakika. Fanya hivyo kila mara, kisha weka orodha hizo mbili mezani. Hapa programu inakuwa ya msaada mkubwa, maana binadamu aliyekwisha kulipenda wazo ni mgumu kulitafutia kasoro, na kwenye kikao mwenye kutaja kasoro huonekana ana roho mbaya. Simu haina shemeji pale kijijini. Mwachie yeye kazi ya kupinga.

Hatua ya 7: Angalia lugha na vipimo

Saa zetu programu hizi huzichanganya. Basi la saa 12 asubuhi linaondoka 06:00, lakini nimeona tafsiri ikiliandika kuwa la 12:00. Kwenye ratiba, na zaidi kwenye maelekezo ya dawa, andika kwa namna zote mbili: "saa 2 asubuhi, yaani 08:00." Debe ni ujazo, na kilo zake hutegemea umejaza mahindi, mpunga au alizeti. Gunia nalo hutegemea limeshonwa wapi na kama ni lumbesa. Taja kilo ulizopima mwenyewe.

Hatua ya 8: Kagua jedwali lako la Excel

Hili huwapata hata wasomi wakubwa. Mwaka 2010 wanauchumi wawili wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala iliyoonyesha kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1. Makala hiyo ilinukuliwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alilipata jedwali lenyewe akakuta fomula imeruka nchi tano. Baada ya kurekebisha kosa hilo, pamoja na data zilizoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito, wastani ukawa asilimia 2.2.

Mwaka 2020 huko Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa UVIKO-19 walikosekana kwenye takwimu kwa sababu faili la aina ya zamani ya Excel halipokei zaidi ya safu 65,536. Zilizozidi zilikatika kimya kimya, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Kwa jedwali la kikundi, fanya ukaguzi wa dakika tano. Hesabu wanachama kwa vidole, linganisha na idadi ya safu. Bofya kila seli (kisanduku) ya jumla uone fomula inaanzia wapi na kuishia wapi. Jumlisha safu moja kwa mkono. Na chora grafu, usiridhike na wastani. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe aliunda makundi manne ya namba yenye wastani na uwiano unaokaribia kulingana kabisa, lakini ukiyachora ni picha nne zisizofanana hata kidogo. Wastani wetu wa debe 28 wenyewe ni wa siku ambayo haipo: kuna siku ya 58 na kuna siku za 22.

Hatua ya 9: Andika ni nani ameamua

Muhtasari wa kikao usiandike "mfumo umeonyesha". Andika: fulani na fulani wamependekeza, kwa sababu hizi, wakitumia namba hizi, zilizohesabiwa na huyu tarehe hii.

Sababu ya ukali wangu ni kisa cha posta ya Uingereza. Kuanzia 1999 mawakala wa posta waliwekewa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa pesa. Mawakala walisema hawakuiba. Mahakama za huko zilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na wakala wa kijijini angethibitishaje? Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wakafilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu ule, na mwaka 2024 bunge lilitunga sheria ya kufuta hatia zao kwa mkupuo. Miaka ishirini, neno la mashine lilizidi neno la jirani aliyefahamika kijiji kizima.

Kwa hiyo jedwali lenu likionyesha mweka hazina amepungukiwa, kagueni jedwali kabla ya kumkagua mtu. Hesabuni noti.

Vitu vya kutoweka kwenye simu

Majina ya wanachama, namba zao, madeni yao, hali zao za ugonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Ukitaka msaada wa hesabu, andika Mwanachama A, Mwanachama B. Lile daftari la kamba tulilihesabu tu vijistari, hatukulipiga picha.

Kikao cha pili kilichukua saa tatu badala ya dakika arobaini. Kura 16 dhidi ya 9 ziliamua tusinunue. Badala yake mwenye mashine, ambaye ana ya kusaga tu na hana ya kukoboa, anajadiliana nasi tumwekee ya kukoboa kwa ubia, naye aendelee na daftari lake. Sababu zote, pamoja na za wale tisa, zimeandikwa ukurasa mzima. Chini yake kuna tarehe ya kurudi kuhesabu baada ya mavuno: siku moja ya mnada na mbili za kawaida, benchi lilelile.